Kunakili kwa Kujifunza: Rangi ya Mafuta na Mandhari ya Bukene

Katika majuma ya mazoezi ya kufundisha, tulipowatembelea wanachuo wetu waliopangiwa shule za Bukene na vijiji vyake, tulipekua madaftari ya watoto wa Darasa la Nne. Watoto hao walikuwa wametakiwa wachore nyumbani kwao. Karibu kila ukurasa ulikuwa na nyumba ya paa la mgongo, madirisha mawili yenye misalaba, bomba la moshi juu ya paa, na nyuma yake milima miwili iliyochongoka, jua likichomoza katikati yake. Anayeifahamu Bukene, stesheni ya reli iendayo Mwanza katika Wilaya ya Nzega, anajua kuwa nchi ile ni uwanda mtupu wa mbuga, majaruba ya mpunga na miti iliyotawanyika. Milima ya namna hiyo haipo. Wala jiko la kijijini kwetu halina bomba la moshi. Moshi hutokea mlangoni na katika upenyo wa paa.

Tuliudhika kwanza, kisha tukaona haya. Maana tulipomwuliza mtoto mmoja nyumba ile ameiona wapi, alitunyoshea kidole ukutani, na pale palitundikwa chati ya nyumba ile ile. Chati ilichorwa na mwanachuo wetu. Mwanachuo naye aliinakili kutoka katika mchoro tuliouchora sisi wakufunzi ubaoni, mwaka wake wa kwanza, tulipokuwa na haraka ya kumaliza mada. Nyumba hiyo ilikuwa imesafiri kutoka kwetu hadi Bukene bila mtu yeyote njiani kuinua macho na kutazama dirishani.

Jawabu jepesi lingekuwa kupiga marufuku kunakili. Wapo wenzetu waliopendekeza hivyo, na hoja yao ina nguvu. Hata hivyo sisi tulichagua njia nyingine, ambayo kwa mtazamo wa kwanza itaonekana ya ajabu: tuliwatia wanachuo katika kazi ya kunakili, kwa makini na kwa majuma kadhaa, picha moja ya kale ya watu na mandhari iliyochorwa kwa rangi ya mafuta huko Roma. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini tulifanya hivyo, kazi yenyewe ilivyokwenda, na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuchukua nini katika kazi hiyo hata kama hatashika rangi ya mafuta maisha yake yote.

Ubishi wa tangu zamani

Swali la kunakili si geni katika Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere, Kampala, mwaka 1937, hakupenda kuwawekea wanafunzi wake picha za Kizungu ili waziige. Alipendelea kuwasimulia tukio kwa maneno, kisha akawaacha walione akilini mwao na kulichora wenyewe. Katika shule yake alitoka Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, ambaye baadaye alisoma pia katika shule ya Slade mjini London, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 akawa balozi wetu huko. Picha yake ya rangi ya mafuta ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York. Hakuna awezaye kusema kuwa Ntiro alinakili nyumba yenye bomba la moshi.

Trowell alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilishikwa na Cecil Todd, aliyekuwa na mawazo mengine. Todd aliona kwamba msanii wa Kiafrika ana haki ya kujua historia ya sanaa ya dunia nzima pamoja na ufundi wake, na kwamba kumficha mambo hayo ni kumpunja. Ubishi huo kati ya kuliacha jicho la mwanafunzi peke yake na kulifunza kwa kazi za wengine haujaisha mpaka leo.

Anayetajwa zaidi katika upande wa kukataza ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, naye pia mwanafunzi wa Makerere. Njau, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa kuonya kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Ni onyo kali, nasi tunaliheshimu. Lakini tazama kazi yake mwenyewe. Katika kanisa la Murang'a nchini Kenya alichora ukutani matukio matano ya maisha ya Yesu: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Matukio hayo yalikuwa yamekwisha kuchorwa Ulaya mara maelfu. Njau aliyachukua, akawavika watu wake sura na mavazi ya Kikuyu, akaiweka nchi ya Murang'a nyuma yao. Hakunakili, ila pia hakuanza na ukuta uliokuwa mtupu akilini mwake. Hapo ndipo tulipoanza kuona njia.

Upande wa pili wapo mafundi waliojifunza kwa kunakili tu na hawakuona aibu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama na ndege mjini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kopo zinazopakwa baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, vijana wa jamaa yake walikaa ubavuni pake wakafuata mkono wake. Alifariki mwaka 1972, na ni kwa sababu ya kunakili huko kwamba kazi yake haikufa naye. Huko Lubumbashi, katika miaka ya 1970, wachoraji walirudia tena na tena picha zile zile ambazo wateja walitaka kuzitundika sebuleni: mamba-mtu, kijiji cha wazee wa kale, msafara wa watumwa. Na katika kundi hilo hilo akatokea Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya 100 juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na kuisimulia kwa Kiswahili. Yeye naye alianza kwa kurudia.

Kwa hiyo tuliamua kwamba neno «kunakili» linabeba mambo mawili ambayo mwalimu hana budi kuyatenga. Mtu anaweza kunakili sura ya kitu kilichokwisha, kama watoto wa Bukene walivyonakili nyumba. Mtu pia anaweza kunakili mwendo wa kazi: fundi alianza wapi, aliacha nini kwa baadaye, kwa nini giza hapa na mwanga pale. Namna ya pili haiwezekani bila kutazama na kuuliza.

Picha tuliyoichagua

Tulichagua picha ya Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma na kufariki huko mwaka 1682. Picha hiyo aliichora mwaka 1646. Inamwonyesha Hajiri, mjakazi wa Ibrahimu, akiwa nyikani, naye malaika amemtokea na kumnyoshea mkono. Watu hao wawili ni wadogo sana. Sehemu kubwa ya picha ni nchi yenyewe: miti mirefu yenye kivuli, maji, daraja, na mbali kabisa nuru inayoyeyuka kwenye upeo wa macho. Picha hiyo imo katika Jumba la Taifa la Picha mjini London, nayo ni ndogo, yapata sentimita 52 kwa 42. Udogo huo ulikuwa sababu mojawapo ya kuichagua. Darasa letu halina nafasi ya picha kubwa kama mlango.

Sababu ya pili ni kisa chenyewe. Katika darasa la Tabora wanachuo ni Waislamu na Wakristo, na wote wanamjua Hajiri. Hata hivyo hawakumjua kwa namna moja. Wakristo walikumbuka malaika akimwamuru arudi kwa bibi yake. Waislamu walikumbuka mama akikimbia kati ya Safa na Marwa kumtafutia mwanawe maji, hata ikatokea Zamzam. Tulitumia kipindi kizima kusikiliza masimulizi hayo kabla ya kugusa penseli, wala hatukukiona kipindi hicho kuwa kimepotea. Baadhi ya wanachuo walieleza pia kwamba kwao si vema kumchora malaika wala mtu wa nyumba ya mtume. Tulilipokea jambo hilo kama lilivyo, nalo, kama msomaji atakavyoona, lilitusaidia.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Mwingereza John Constable, alipokuwa kijana, aliiona picha hii hii ya Hajiri kwa mwenyewe aliyekuwa akiimiliki, akaipenda mno, akainakili. Kisha mwaka 1802 alichora bonde la Dedham, karibu na kijiji alichozaliwa, kwa mpangilio ule ule wa Claude: miti upande, maji yakipinda katikati, macho yakivutwa mpaka mbali. Lakini mbali pale hapana tena nchi ya Roma. Pana mnara wa kanisa la Dedham. Mwaka 1828, akiwa mtu mzima, alilichora tena bonde lile kwa mpangilio huo huo, na safari hii akaweka chini ya miti mwanamke msafiri na mtoto wake. Hajiri alikuwa amefika Uingereza. Basi nasi tulisema, kama aliweza kufika Dedham, ataweza kufika Bukene.

Wala Claude mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo haya. Alichoshwa na watu waliobuni picha na kuziuza kwa jina lake, hata akaweka kitabu alimochora nakala ndogo ya picha zake, karibu 200 kwa jumla, ili zake zijulikane. Kunakili ili kudanganya mnunuzi ni wizi. Mwanachuo aandike nyuma ya kazi yake «nakala baada ya Claude», na tarehe.

Kutayarisha kitambaa

Vitambaa vya kuchorea vinavyouzwa tayari ni ghali, na Tabora havipatikani kwa urahisi. Tulitumia merikani. Kitambaa hiki kina historia kwetu: katika karne ya 19 kilifumwa Marekani, hasa Massachusetts, kikaletwa Unguja kwa merikebu, kisha kikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hadi Unyanyembe. Kilikuwa nguo na kilikuwa fedha. Kwa merikani msafara ulilipa hongo kwa watemi na posho kwa wapagazi. Wanachuo walipokivuta juu ya fremu tuliwaambia hayo, na mmoja akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini bibi yake alikiita kwa jina la nchi.

Kitambaa kifuliwe kwanza ili wanga utoke, kikauke, kipigwe pasi. Kivutwe juu ya fremu ya mbao kwa kuanza na msumari mmoja katikati ya kila upande, wa pili ukiuelekea wa kwanza, halafu mtu asogee kidogo kidogo kuelekea pembeni. Anayeanza na pembe atapata mikunjo ambayo haiondoki tena. Kisha kipakwe gundi ya ngozi, au gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Gundi haina kazi ya urembo. Mafuta ya rangi yakigusa pamba yenyewe huila polepole, na baada ya miaka kitambaa hukatika kama karatasi kuukuu. Gundi ndiyo ukuta baina yao.

Juu ya gundi tulipaka mara mbili uji wa unga wa chaki na gundi. Vipande vya chaki ambavyo kila mwalimu huvitupa vilitutosha. Asitumie mtu chokaa ya kupakia kuta, kwa kuwa chokaa hiyo ni kali nayo huyaharibu mafuta.

Mafuta, na kosa letu la karanga

Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta yanayokauka. Neno «yanayokauka» ndilo lenye uzito. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka kwa kuruka hewani. Huvuta oksijeni na kugeuka utando mgumu. (Msomaji asichanganye kitani na katani ya mkonge, ni mimea miwili tofauti.) Mafuta ya alizeti hukauka kwa shida na polepole. Ya karanga hayakauki kamwe. Jambo hili tulilijua kwa kusoma, lakini mafuta ya kitani yalipotuishia tulijidanganya kwamba kidogo cha karanga hakitadhuru. Picha iliyochorwa kwa rangi hiyo tuliitundika ofisini. Miezi ilipita ikiwa bado inanata, nayo ilinasa vumbi la kiangazi na nzi wawili. Tumeiacha pale pale kwa makusudi, maana inafundisha kuliko sisi.

Unga wa rangi si lazima wote ununuliwe. Udongo mwekundu na wa manjano upo kila mahali: uloweshwe kwa maji mengi, ukorogwe, mchanga uachwe utuame, maji yenye udongo laini yamwagwe katika chombo kingine, na kilichotuama humo kianikwe na kusagwa. Mkaa uliosagwa hutoa weusi. Nyeupe na buluu tulinunua.

Hapa hatuna budi kusema juu ya hatari. Baadhi ya rangi za mafuta za kopo zimewahi kugunduliwa kuwa na madini ya risasi, ambayo huudhuru ubongo wa mtoto. Tapentaini nayo huumiza kifua katika chumba kilichofungwa. Matambara yaliyoloa mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti; yatandazwe nje yakauke au yatiwe ndani ya maji. Kwa sababu hizi rangi ya mafuta ni kazi ya mwanachuo, si ya mtoto wa shule ya msingi. Watoto tutawarudia.

Kuweka rangi

Tulipiga miraba juu ya nakala iliyochapwa: minne kwa upana na mitano kwa urefu. Miraba kama hiyo, ya sentimita 10 kila mmoja, ilipigwa kwa mkaa juu ya kitambaa cha sentimita 40 kwa 50. Wanachuo walikatazwa kutaja majina ya vitu. Hawakuruhusiwa kusema «nachora mti», ila «katika mraba huu giza linaingia kutoka kulia na kuishia hapa». Zoezi hili liliwachosha, na wawili walilalamika waziwazi. Lakini ndilo lililoua nyumba ya bomba la moshi, kwa sababu nyumba ile huchorwa na mtu anayejua neno «nyumba» na kuacha kutazama.

Kisha kitambaa chote kilipakwa rangi nyembamba ya udongo mwekundu iliyozimuliwa kwa tapentaini, ili weupe usiyadanganye macho. Ilipokauka, picha nzima ilichorwa kwa hudhurungi peke yake: giza, nusu giza, mwanga. Katika hatua hii mtu hupata picha au huikosa. Tulizisogeza kazi zote hadi mwisho wa ukumbi, tukazitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu. Zile ambazo giza na mwanga vilikuwa sawasawa kila mahali zilionekana kama ukungu, na ilibidi zirekebishwe kabla ya rangi nyingine kuwekwa.

Rangi zenyewe zilianza na anga, zikafuata za mbali, za kati, za karibu, na mwisho watu. Inasimuliwa kuwa Claude alizoea kusema kwamba yeye huuza mandhari tu, watu huwatoa bure. Yapo mafundisho katika mzaha huo: nuru ikisimama vema, mtu mdogo wa mipigo sita ya burashi atasimama ndani yake. Kanuni nyingine ni kwamba tabaka za chini ziwe na mafuta machache na za juu ziwe na mafuta mengi. Tabaka yenye mafuta mengi hukauka taratibu na kuendelea kusogea. Ikiwekwa chini ya tabaka kavu, ile ya juu hupasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa Oktoba.

Kungoja ndiko kulikowashinda wengi. Tabaka moja huchukua siku kadhaa, na nyeusi huchelewa zaidi. Hata hivyo katika kungoja huko walirudi kuitazama picha ya Claude na kuona mambo ambayo siku ya kwanza hawakuyaona. Rangi ya kopo ya baiskeli hukauka upesi, na ndiyo maana inafaa kwa mistari safi ya Tingatinga. Haimpi mtu nafasi ya kuchanganya nuru na kivuli juu ya kitambaa, wala ya kujutia alichofanya.

Kutoka Roma hadi Bukene

Nakala zilipokwisha tulizigeuza zikatazama ukuta, tukapanda treni kwenda Bukene na fremu mpya. Sharti lilikuwa moja: mpangilio wa Claude ubaki, kila kitu kingine kitoke mbele ya macho.

Hajiri alikuwa mwanamke ateremkaye kisimani wakati wa kiangazi. Malaika hakuwepo. Badala yake darasa lilikubaliana juu ya mpagazi wa zamani, mzigo ukiwa chini, akinyosha mkono kuonyesha upande wenye maji. Wapagazi walizifahamu njia zote kati ya Unyanyembe na ziwa lile ambalo Speke alilifikia mwaka 1858, na kujua mahali pa maji ndio uliokuwa uhai wa msafara. Waliotatizwa na kumchora malaika hawakutatizwa na mpagazi, na kwa maoni yetu picha haikupungukiwa na kitu.

Matatizo yalianza na umbali. Wanachuo walikuwa wamejifunza kutoka kwa Claude kwamba mbali ni samawati, basi wote wakaweka samawati. Tukawaambia watazame. Ilikuwa kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la ng'ombe vimetanda. Mbali ya Bukene ilikuwa nyeupe yenye umanjano, kama maziwa yaliyotiwa chai. Samawati tuliipata tuliporudi baada ya mvua za kwanza, hewa iliposafishwa. Claude hakuwa amewadanganya. Alichora hewa ya kwake.

Nuru nayo ilitusumbua. Saa sita mchana, katika nchi iliyo karibu na Ikweta kama yetu, kivuli cha mti hukaa chini ya mti na uso wa mtu hauna upande. Claude alipenda nuru ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Tulilazimika kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuacha saa mbili, kisha kurudi saa kumi na moja jioni. Mchana tulilala chini ya miembe.

Lakini jambo tulilojifunza kwa uchungu zaidi ni ngozi ya mtu. Katika kunakili, wanachuo walikuwa wamepata kanuni ya ngozi ya Hajiri wa Claude: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu kidogo. Walipofika kwa mwanamke wa Bukene waliichukua kanuni ile ile na kuitia nyeusi mpaka ikolee. Matokeo yake yalikuwa watu wenye rangi ya jivu, kana kwamba wamefukuliwa. Mwanachuo mmoja alikasirika, akasema rangi ya mafuta haikuumbwa kwa ajili yetu. Hatukumjibu. Tulimwomba atazame mkono wake mwenyewe juani. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: palipoinuka, penye mwanga, pana samawati. Ndivyo ilivyo. Ngozi nyeusi hung'aa, na mng'ao wake huchukua rangi ya anga. Katika kivuli hukolea wekundu wa udongo unaorudisha nuru kutoka chini. Basi nyeusi iliondolewa kabisa kwenye ubao wa kuchanganyia. Walianza na hudhurungi iliyokolea na udongo mwekundu, wakatia manjano pale jua linapogusa, na samawati kidogo sana juu ya paji la uso na bega. Mwanamke akapata uhai. Kanuni hiyo Claude asingeweza kuwapa, kwa kuwa hakuihitaji. Ila subira ya kuitafuta waliipata katika kumnakili.

Kurudi darasani

Tulirudi kwa watoto wa Darasa la Nne bila picha yoyote. Chati ya nyumba ilikuwa imeondolewa ukutani. Tuliwapa karatasi za mifuko ya saruji, mkaa, na rangi za udongo zilizokorogwa katika uji mwepesi wa muhogo, na vijiti vilivyotafunwa ncha kuwa burashi. Mwanachuo aliwasimulia, kama Trowell alivyokuwa akifanya, juu ya mwanamke mwenye kiu na msafiri aliyemwonyesha maji. Kisha aliwatoa nje wakatazame kwanza upeo wa macho, halafu mti wa karibu, halafu ardhi miguuni pao, na kuuliza kila mara: ni kipi chenye giza zaidi? Hakuchora kitu ubaoni. Kwa mwanachuo huyo, ambaye mkono wake ulikuwa sasa mwepesi na aliyetamani kuwaonyesha, hilo lilikuwa gumu kuliko Claude.

Wengine walichora tena bomba la moshi. Hatukuwakemea. Wengi walichora miti yenye matawi yaliyokatwa kwa ajili ya kuni, ng'ombe, reli. Msichana mmoja alichora shimo kubwa jeusi katikati ya karatasi, na kando yake ndoo. Mwanachuo alimwuliza mwanamke yuko wapi. Mtoto akamshangaa. Alisema mama yumo ndani ya kisima, maana wakati huu wa mwaka maji yako chini na mtu huingia shimoni kuyachota kwa kata. Anayesimama juu huona mgongo wake tu, au haoni kitu.

Katika picha zetu zote, bila kukosa moja, mwanamke alikuwa amesimama wima kando ya kisima, kama Hajiri wa Roma. Jioni ile mwanachuo alishusha fremu yake. Rangi ya watu ilikuwa bado mbichi. Alimfuta mwanamke kwa kitambaa chenye tapentaini, akamwacha mpagazi akinyosha mkono, akaanza kuchimba shimo.